Shikamoo ya Mwenyekiti

Nyie vijana mlioachiwa ofisi yetu pale Ukunda, juu ya duka la magodoro, mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Machache siyawezi, na aliyewatuma kwangu alilijua hilo. Basi vumilieni. Na huyo anayechezea simu wenzake wakisoma, aiweke chini, namjua.

Kazi yetu watu wengi hawajaielewa mpaka leo. Majirani zangu hapa Waa walidhani miaka yote ile nilikuwa karani wa chama cha siasa. Marehemu mume wangu akiulizwa mkewe anafanya nini, alijibu, "Anachunguza mataifa," na baraza zima likacheka. Lakini alisema kweli. Kila nchi ilipopewa kiti cha mbele kwenye baraza la mataifa, iwe uenyekiti, iwe kuongoza kamati ya kuwakagua wengine, sisi tulikuwa tukiuliza swali moja: huyu anayetaka kuwaongoza wenzake katika haki za watu, kwake watu wanaishije? Tunatafuta, tunaandika, tunapeleka. Mkiulizwa na majirani zenu, jibuni hivyo, msijifanye mna siri.

Niliingia kama mkalimani tu. Kidigo nilizaliwa nacho, Kiswahili nilikikuta nyumbani, na Kiingereza nilifundishwa kwa fimbo. Siku hizo tulikuwa na kinasa sauti cha kanda, kizito, kikimeza betri hovyo, na mashine ya kupiga chapa iliyokosa herufi moja. Nyie mna picha za kutoka angani. Mtu akiburuzwa gerezani upande wa pili wa dunia, mnaona kabla chai haijapoa. Mimi nastaajabu, wallahi, nami si mtu wa kustaajabu upesi. Ila nawaona mnavyokaa kwenye viti tangu asubuhi, na najiuliza nani kati yenu amekanyaga tope la kijiji cha Mwabungo mwaka huu.

Nchi ikitaka kiti, wanangu, inakuwa kama bwana anayeposa. Washenga wanakuja wamevaa kanzu safi, wanaahidi kwamba binti yenu hatashika kuni wala hatachota maji, ataishi kwenye zulia. Nchi nazo huahidi. Huandika kabisa, hutangaza mbele ya mataifa: tutafanya hili, tutaruhusu lile, wakaguzi waje wakati wowote. Mimi nilikuwa nikizisoma ahadi hizo nikicheka peke yangu ofisini. Zihifadhini vizuri. Ndoa ikishafungwa, ndipo mwende mkamtazame bibi harusi jikoni. Ulizeni mkaguzi gani ameomba kuingia na bado anaambiwa asubiri. Ulizeni yule shahidi aliyekwenda kusema Ulaya, aliporudi kwao alipokelewa na nani uwanja wa ndege.

Na msianze na wanyonge tu. Ipo tabia ya kuandika kwa kalamu nyekundu kuhusu nchi ndogo na kwa penseli kuhusu nchi kubwa. Nimeona nchi tajiri ikikalia kiti cha mbele na kuwahubiria wengine juu ya watoto, na risasi zilizowaua watoto wa mahali pengine zilitoka kwake. Nyani haoni kundule. Mwosha huoshwa, hata awe na sabuni ya bei.

Aliyenifundisha haya alikuwa Mzee Mutua. Wengi wenu hamkumkuta. Mkamba wa Shimba Hills, mtu wa kanisa, wazazi wake walihamia huko kulima, na yeye alikuwa karani wa mahakama kabla ya kuja kwetu. Kiswahili chake kilikuwa kinapinda kila kona. Alikuwa akisema "hii watu" na "ile mtoto" mpaka mimi najishika kichwa. Lakini kusikiliza, Mungu alimpa.

Siku ya kwanza tulipokwenda pamoja kwa mtu, nilimuuliza yule mama, "Tueleze, nini kilitokea?" Mama akalia, akaelezea kila kitu kwa pamoja, hatukupata pa kushika. Njiani Mzee Mutua akaniambia, "Wewe binti, usiulize nini ilitokea. Ile kitu ni kubwa, haitoshi mlangoni. Uliza siku hiyo alikuwa amepika nini."

Nikamwona mzee amechoka. Kupika na haki za binadamu wapi na wapi?

Lo! Jaribuni muone. Mtu husahau tarehe, husahau rangi ya gari, huchanganya maneno ya askari. Lakini chungu kilichokuwa jikoni siku aliyochukuliwa mwanawe, hakisahau. Atakwambia alikuwa anakuna nazi. Alikuwa ameketi kwenye mbuzi anatazama upande wa barabara, kwa hiyo gari lilitokea upande huu. Mkaa ulikuwa umekwisha, kwa hiyo alimtuma mtu dukani, na mwenye duka naye aliona. Chungu kimoja kinakupa mashahidi wote. Halafu unakunywa ulichopewa, hata kama ni maji ya chumvi, na kalamu unaitoa mwisho.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, niwachekeshe kidogo, maana mnanijua kwa ukali tu.

Palikuwa na mkutano wa mabalozi kwenye hoteli moja ya Diani, nchi zile zilizokuwa zimekalia viti vya mbele. Sisi hatukualikwa. Shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi ya bustani hotelini hapo akaniambia balozi wa nchi fulani hukaa asubuhi chini ya mwavuli wa kwanza, mzee wa Kizungu mwenye mvi, mpole. Nikavaa buibui langu la kwendea harusini. Nikamkuta mzee wa Kizungu mwenye mvi, mpole, chini ya mwavuli wa kwanza. Nikaketi, nikamsomea rekodi ya nchi yake yote: magereza, waandishi waliofungwa, vijiji vilivyohamishwa kwa nguvu. Yule mzee alisikiliza kwa adabu ambayo sijaiona tena kwa mwanadiplomasia. Akatokwa na machozi. Nikasema moyoni, leo nimempata.

Nilipomaliza akaniambia, "Bibi, haya yote ni mabaya sana na nasikitika. Lakini mimi natengeneza madirisha. Nimekuja kupumzisha mgongo."

Mzee Mutua alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, nikitaka kumwendea mkubwa yeyote, alikuwa akiniuliza kwanza, "Umehakikisha si wa madirisha?"

Sasa niwaeleze habari ya Bi Mejumaa, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wengine mmeisikia vibaya. Kuna anayesema alimpigia kelele mwenyekiti. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimeketi ubavuni pake, bega kwa bega.

Bi Mejumaa ni mama wa Mwabungo, anauza samaki wa kukaanga, mwembamba, na kwa adabu hana mwenziwe. Mwanawe Rama alikuwa askari wa lango kwenye hoteli moja Diani. Asubuhi moja alitoka nyumbani kwenda kazini, na pale anaposubiria tuktuk likasimama gari lisilo na namba. Watu waliovaa nguo za kiraia wakamwita kwa jina lake, wakampandisha. Ndiyo mwisho. Vituo vyote vya polisi vikasema hayupo. Mahakama ikaambiwa hajulikani aliko. Nani walimchukua, mpaka leo sina jina la kuandika, na nisilokuwa nalo siliandiki.

Nilipokwenda kwake nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikamwamkia, nikanywa chai, nikauliza siku hiyo alikuwa amepika nini.

Akasema, "Muhogo wa nazi na nguru. Ndicho chakula chake. Nilimwekea sahani, nikaifunika kawa, ale akirudi."

Akanionyesha kwa kidevu. Mezani palikuwa na sahani imefunikwa kawa, lile la ukindu, jipya, la rangi. Kila siku anapika, anapakua, anafunika. Jioni anampa jirani, kesho anapakua tena.

"Wewe unataka nini, Bi Mejumaa?" nikamuuliza. "Wafungwe? Fidia?"

"Mimi nataka kuambiwa nimwombee dua ipi," akasema. "Nikimrehemu naye yu hai, nimemzika mwanangu kwa mdomo wangu. Nikimwombea afya naye amekufa, namnyima haki yake kaburini. Kila nikiswali, nikifika hapo nakwama. Wanaojua waniambie ipi, basi. Mengine Mungu anayaona."

Mkewe Rama naye kakwama vivyo hivyo. Si mjane akae eda, si mke akapokea mume. Hitima haisomwi, matanga hayakai. Nyumba nzima imesimama mguu mmoja. Nilirudi ofisini nikamwambia Mzee Mutua, naye akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Ndipo mwaka ule nchi yetu ikapewa kiti. Mnakumbuka redio zilivyoshangilia? Makamu mwenyekiti wa baraza la mataifa kuhusu haki za watu! Tulifurahi nasi, msinidhanie vibaya. Mimi naipenda nchi hii. Lakini Mzee Mutua aliizima redio akasema, "Sasa posa imekubaliwa. Twende jikoni."

Tukaomba nafasi ya kusema, na tukapewa: dakika moja na nusu, mtu mmoja. Ikitimia, kipaza sauti kinazimwa, uwe umemaliza ama hujamaliza, uwe waziri ama mfagizi. Tukasema asimame Bi Mejumaa.

Wenzetu wa Nairobi wakamleta Brenda kutuandaa. Msichana mwerevu, mchangamfu, kazi anaijua. Akaandika hotuba nzuri: ahadi zote za nchi wakati wa kuomba kiti, kisha kisa cha Rama, kisha tunachodai. Akaja na saa ya kupimia, tukaketi barazani kwa Bi Mejumaa kufanya mazoezi.

Bi Mejumaa akaanza: "Bismillahi. Asalaam aleikum nyote. Hamjambo? Poleni na kazi. Habari za safari? Nyumbani mmeacha salama? Wazee hawajambo?"

"Taimu imeisha, mathe," Brenda akasema.

Wakarudia. Dakika zikaisha tena, na Bi Mejumaa hajafika hata kwenye jina lake.

"Mathe, si basi turuke hizo salamu? Hawa watu hawajali salamu. Watakukata."

Bi Mejumaa akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Niingie kwa watu bila hodi? Mimi mwizi?"

"Siyo wizi, mathe, ni utaratibu wao."

"Nimesikia," akasema Bi Mejumaa.

Brenda akafurahi, akafunga mkoba. Mimi nikatazama chini. Nyie mliozaliwa huku mnajua, na nyie mliotoka bara jifunzeni leo: mtu wa pwani akikwambia amesikia, amesikia. Hajasema amekubali.

Tukasafiri. Ulaya, mji wenye ziwa na baridi ya kukata masikio. Bi Mejumaa alivaa koti la kuazima juu ya buibui, na leso juu ya koti. Katika lifti alimwamkia kila mtu. Wengine waliruka kwa mshtuko. Mzungu mmoja, kijana wa kusafisha vyumba, alijibu kwa lugha yake na kuinama, na Bi Mejumaa akaniambia, "Huyu kalelewa." Hakula vizuri siku zote hizo. Alikuwa ananiuliza, "Sahani nimemwachia mkamwana, atafunika kweli?"

Ukumbi wenyewe sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nimeandika juu yake miaka yote bila kuuona. Ulipofunguka ule mlango nilisema Subhanallah kwa sauti. Dari juu kama mbingu ya pili, viti vimezunguka safu kwa safu, na kwenye kila meza kibao chenye jina la nchi. Nchi zilizofunga watu na watu waliofungwa na nchi hizo, chini ya paa moja, wanakunywa maji ya glasi za namna moja. Nilizijua rekodi zao kama ninavyozijua njia za Waa. Nikitazama kibao, naona gereza lake. Nikajiona mdogo, nikajiona pia nina bahati, vyote kwa mpigo.

Na siku hiyo mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameitwa kwingine. Aliyekalia kiti, kule juu, rungu la kugongea meza mkononi, alikuwa makamu wake: balozi wetu, mtoto wa nchi yetu. Mtu wa bara, nywele zimeanza kunyunyiza mvi, na nilijua kwamba shule alisomea huku Pwani. Jina lake halina haja hapa. Brenda akanibana mkono. "Ni yeye! Atasikia live!"

Kiswahili hakikuwamo katika lugha za ukumbi ule, kwa hiyo niliruhusiwa kuketi ubavuni pa Bi Mejumaa na kufasiri, kipaza sauti kimoja kwa sote wawili. Tukaitwa. Balozi akasema kwa Kiingereza kwamba nafasi ni yetu. Taa ndogo ikawaka, saa ukutani ikaanza kushuka.

Bi Mejumaa hakusema neno. Aliketi wima, mikono juu ya meza, akamtazama yule balozi usoni.

Saa inashuka. Brenda nyuma yangu anahema kama aliyekimbia. Nikamnong'oneza, "Bi Mejumaa, sema. Wakati unakwenda."

Akanijibu bila kugeuka, kwa sauti yake ya kila siku, na kipaza sauti kikamchukua: "Siwezi kuanza mimi. Mdogo ndiye humwamkia mkubwa."

Wanangu, mkalimani hana lake. Kinachosemwa unakifasiri, hupunguzi, huongezi. Nikasogea kwenye kipaza sauti nikawaambia mataifa ya dunia kwa Kiingereza: mama anasubiri kusalimiwa, kwa sababu mwenyekiti ni mdogo wake.

Pakawa na mnong'ono ukumbi mzima. Kuna waliocheka. Karani mmoja akainama kumwambia balozi jambo sikioni, nadhani alimwambia atuondoe. Balozi alikuwa ameshika rungu. Nilimwona akitazama saa, kisha akamtazama yule mama mwenye leso juu ya koti. Mwenyekiti hasalimii mtu kule. Hakuna kanuni ya hilo. Lakini nadhani kuna mwanamke aliyemlea, mahali fulani, na yule mwanamke naye alikuwa anamtazama.

Akaliweka rungu chini. Akavua vile vya kusikilizia masikioni. Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Watu wa nyumbani?"

"Hawajambo."

Mimi nafasiri, na wale waliocheka wamenyamaza. Saa imebaki kidogo sana.

"Watoto wako," akauliza Bi Mejumaa, "wote wapo?"

"Wote wapo, mama. Namshukuru Mungu."

"Alhamdulillahi," akasema. "Wangu hayupo."

Nami nikafungua mdomo kufasiri, na taa ikazimika. Nilisema, lakini sauti haikwenda popote. Kanuni ni kanuni.

Hebu fikirini. Ukumbi wote ule, na hakuna aliyejua kilichosemwa. Waliokuwa wakiisikia lugha ile mle ndani tulikuwa wachache wa kuhesabika, na mwenye kipaza sauti kilicho hai alikuwa mmoja tu. Wote wakaona uso wake umebadilika, wakamgeukia. Angeweza kugonga rungu na kumwita msemaji mwingine. Utaratibu ungekuwa upande wake. Rekodi ya siku hiyo ingeandika kwamba mama kutoka Kenya alisalimiana na mwenyekiti, wakati ukaisha. Sisi tungerudi Mwabungo na salamu.

Hakuligusa rungu. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, ili wakalimani wa lugha zote wamfikie: "Mama ameniuliza kama watoto wangu wote wapo nyumbani. Nimemjibu kwamba wapo. Ameniambia wake hayupo. Naomba maneno hayo yaandikwe."

Yakaandikwa. Mtoto wa nchi yetu, akiwa kwenye kiti cha nchi yetu, kwa mdomo wake. Ripoti zetu zote za miaka yote hazikuwahi kuifikisha nchi mahali pale. Safu ya mbele, mjumbe wa nchi moja ambayo rekodi yake niliiandika mwenyewe kwa mkono huu alikuwa anafuta macho. Wiki hiyo hiyo alipiga kura ya kupinga wakaguzi kuingia kwao. Machozi msiyaandike kwenye rekodi, wanangu. Andikeni kura.

Kwenye ujia balozi alitufuata. Bi Mejumaa akamshika mikono yote miwili. "Wewe una kiti kikubwa, baba. Watu wanakusikia. Niulizie, nimwombee dua ipi." Akasema, "Nitauliza, mama." Brenda alikuwa analia kando, kamasi na vipodozi vimechanganyika, akaniambia, "Hizo salamu, hata mimi leo nimezipenda."

Muhula wa yule balozi ulipokwisha, hakupewa mwingine. Sijui kama ni kwa sababu ile. Tukakaa, tukangoja. Mzee Mutua akafariki akiwa bado anauliza kila Jumatatu, "Ile mtu amejibu?" Nikadhani balozi ametusahau.

Kisha mchana mmoja nikiwa kwa Bi Mejumaa, tuktuk ikasimama nje, na tukasikia hodi. Yule bwana peke yake, hana dereva, hana mlinzi, viatu kavua mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Watoto wote wapo?"

"Wapo, mama." Akaketi ukingoni mwa kiti. "Niliuliza. Niliuliza nikiwa na kiti, na nikauliza baada ya kuondoka kitini. Kila mlango ninaoujua. Hakuna aliyenijibu. Hata mimi hawakunijibu, mama."

Nilimtazama mtu yule. Kulikuwa na siku mataifa yote yalinyamaza akishika rungu. Na swali la muuza samaki wa Mwabungo lilikuwa limemshinda, kama lilivyotushinda sisi. Niliogopa, nawaambia kweli. Niliona ukubwa wa kile kilichokaa nyuma ya ile milango.

Bi Mejumaa hakulia. Aliinuka, akaenda mezani, akafunua kawa. Muhogo wa nazi na nguru. Akaibeba ile sahani, akaiweka mbele ya balozi.

"Kula, baba. Umetoka mbali."

Yule bwana alijua ni sahani ya nani, maana kisa alikisoma katika ripoti yetu. Mkono ulikataa. Bi Mejumaa akamwambia, "Kula hicho, nitapika kingine." Akala, yule bwana, machozi yakimdondokea kwenye mchuzi, akala mpaka akamaliza, kama alivyofunzwa kwao.

Bi Mejumaa akaichukua sahani, akaiosha, akaifuta. Akasema, hakumwambia yeyote kati yetu, "Hakuna aliyeniambia amekufa. Basi dua ni ile ya walio hai." Akapakua upya, akafunika.

Hiyo ndiyo kazi niliyowaachia. Jalada la Rama liko wazi, na nchi yetu nasikia inajipanga kuomba kiti tena. Nendeni mkazisome ahadi zake mpya. Lakini kabla ya hapo panda tuktuk, mmoja wenu, yule wa simu, shuka Mwabungo. Bisha hodi. Mwamkie wewe kwanza. Atakuuliza kama kwenu wote wapo. Mjibu kweli, usione haya kama wapo, kisha unyamaze, umwache aseme yeye.